Dawa Iliyochemka Kabla ya Moto

Hotuba hii niliitoa mjini Moshi mbele ya wafasiri na walimu wa lugha. Wengi mlikosa kufika kwa sababu ya mvua na barabara, mkaniomba niiweke yote. Naiweka kama ilivyosemwa. Picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri kwa jua la dirishani.

Mwenyekiti, wazee wangu, walimu, wafasiri wenzangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Nimekuja na glasi ya maji na kidonge kimoja. Maji ni ya bomba, ya baridi, mwenyekiti ameyagusa na ni shahidi wangu. Sasa nakitumbukiza kidonge. Ngoja nisogeze kipaza sauti. Mnasikia? Shhhhhhh. Huko nyuma mnasikia? Kidonge kimezama, kimegonga chini, sasa kinapanda kimelala ubavu kama samaki aliyevuliwa jana. Viputo vinakimbizana kwenda juu, na vingine vinapasuka vikinirushia matone mkononi. Mwenyekiti, hebu shika tena glasi. Ni ya moto? Si ya moto. Tena ukiwa na kipimajoto utaona maji yamezidi kupoa kidogo, maana tindikali na magadi vikikutana ndani ya maji hunyonya joto, havitoi.

Kidonge cha namna hii Waingereza wanakiita "effervescent". Nimepewa dakika arobaini, na nitazitumia zote kwa neno hili moja. Kuna mtu hapo mbele ameguna. Mzee wangu, usigune. Mimi neno hili limenigharimu zaidi ya dakika arobaini.

Nilipoanza kazi ya kutafsiri, nilipewa karatasi ya dawa. Ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane ndani ya kiboksi, ambayo ukishaikunjua hairudi tena. Dawa ilikuwa vidonge kama hiki. Nikafungua kamusi, nikakuta "effervescent" ni kitu kinachochemka, chenye kutoa mapovu. Nikaandika, kwa mkono wangu huu: "Vidonge vya kuchemka. Weka kidonge kimoja katika maji, kiache kichemke, kisha unywe." Nikalipwa. Kazi ikachapwa. Niliona fahari, jamani! Nikanunua kiboksi kimoja nikampelekea mama Tanga, alikuwa na mafua, nikamwambia, "Mama, maandishi haya ya Kiswahili ni ya mwanao."

Mama alisoma. Mama yangu alikuwa msomaji makini kuliko wahariri wengi niliofanya nao kazi. Akatia maji kwenye sufuria ndogo ya chai, akadondosha kidonge, akaiweka sufuria kando ya jiko, akainama kupepea mkaa. Akasikia shhhhh nyuma ya mgongo wake. Akageuka. Alinisimulia baadaye kwa simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka kumvunjia mwanawe heshima:

"Mwanangu, hii dawa yako imechemka na moto sijauwasha."

Akaimwaga chini ya mpapai. Mpapai haukudhurika, asije mtu akasema.

Nawauliza ninyi: nani alikosea? Mama? Mama alifanya nini ambacho wewe usingefanya? Umeambiwa "kiache kichemke". Katika nyumba gani ya Mswahili kitu huchemka bila jiko? Kosa lilikuwa langu. Lakini nilikuwa na wenzangu katika kosa hilo, na wenzangu ni watu wakubwa. Ni Warumi.

Maana neno hili limetoka Kilatini. Kuna kitenzi "fervere", kuwa moto, kuchemka. Ukikipachika kiambishi cha kuonyesha jambo ndiyo linaanza, kinakuwa "fervescere", kuanza kuchemka. Ukitanguliza "ex", yaani kutoka nje, unapata "effervescere": kuanza kuchemka mpaka kufoka. Ni ile sekunde maziwa ya chai yanaponyanyuka kwenye sufuria na wewe unakimbia kutoka sebuleni. Waingereza walilichukua katika karne ya 17, wakalitumia kwa vimiminika vilivyofanya fujo kwenye vyupa vya wakemia. Kwa hiyo ndani ya neno kuna moto. Ndani ya glasi hakuna moto. Neno linasema jambo moja, kitu kinasema jingine.

Msiwacheke Warumi haraka. Wangapi hapa mmeshafika Chemka? Nyanyueni mikono. Naam, wengi, hapa si mbali. Unafika Boma Ng'ombe, unaacha lami, unakula vumbi, unafika Kikuletwa. Maji ya buluu, maangavu, mizizi ya miti imejipinda mpaka ndani ya bwawa, vijana wanajirusha kwa kamba. Wageni wameandikiwa kwamba ni chemchemi ya maji moto. Nilimwona mgeni mmoja amekaa ukingoni anachovya kidole cha mguu taratibu, kama mtu anayepima maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Akachovya tena. Akamtazama dereva wake. Maji ya vuguvugu tu, hayamuunguzi hata kifaranga. Sasa kwa nini paitwe Chemka? Kwa sababu maji yanapanda kutoka chini, yanabubujika. Waliopaita hivyo walitumia macho, hawakutumia mkono.

Basi na sisi tumo. Wagiriki nao wamo: ule ugonjwa wa ngozi unaoitwa ekzema, jina lake la Kigiriki maana yake ni kilichochemka kikatoka nje. Neno kwa neno ni ndugu wa "effervescere". Mahali pote binadamu akiona viputo, mdomo wake husema moto.

Nipite haraka kwenye jamaa mwingine wa ukoo huu, maana najua mwalimu mmoja hapa ataniuliza. Waingereza wana "ebullient" pia, hilo limetoka kwenye "bulla", kiputo. "Boil" yao limetoka huko huko, kwa njia ya Kifaransa. Warumi waliita "bulla" kiputo cha maji, wakaita hivyo pia kidude cha duara walichowavisha watoto wa kiume shingoni kuwakinga na husuda. Hirizi, kwa lugha yetu. Baadaye muhuri wa risasi unaoning'inia kwenye barua za Papa ukaitwa "bulla", na barua yenyewe ikaitwa hivyo. Kutoka hapo tukapata hati, hati ikawa karatasi ya madai, kwa Kiingereza "bill", na kwa Kiswahili bili. Kwa hiyo ndugu zangu, ukiletewa bili ya maji, umeletewa kiputo. Wenye mita zinazosoma hewa wamenielewa.

Turudi kwenye glasi. Imetulia sasa, mnaona? Viputo vichache vimeshikilia ukingo. Nauliza: kama si moto, kilichokuwa kikisukuma ni nini?

Mama zetu walijua bila maabara. Chukua magadi, yale ya kulainishia maharage au makande, kamulia ndimu. Inafanyaje? Inafura, inatoa povu, inanyamaza. Gesi ilikuwa imefungwa ndani ya magadi, ukali wa ndimu umeifungulia. Kidonge hiki ni hivyo hivyo: unga wa tindikali na unga wa magadi vimekandamizwa pamoja vikiwa vikavu, vinatazamana tu kama wapangaji waliogombana, mpaka maji yawakutanishe. Ndiyo maana kile kikopo chake kina kifuniko chenye chembe za kunyonya unyevu. Ukikiacha wazi hapa mjini msimu wa mvua, baada ya wiki hakina kelele tena.

Au chukua tembo la mnazi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mgema. Asubuhi akishusha kibuyu, ukikitega sikio unasikia tembo linanong'ona. Nilimuuliza, "Babu, nani kalipikia huko juu?" Akaniambia, "Linajipika." Nilikuwa mdogo, nikaona ni jibu la kunifukuza. Lakini sikilizeni: Kilatini cha chachu ni "fermentum", na wanaisimu wanalihesabu katika mzizi mmoja na "fervere". Kuchacha na kuchemka kwao ni ndugu. Linajipika! Babu yangu na Warumi walikuwa meza moja, na wote wawili walikuwa hawajui kilichomo ndani ya povu.

Aliyekitumia kilichomo ndani ya povu akatengeneza soda ni mhubiri. Ndiyo, mhubiri. Joseph Priestley alihamia Leeds, Uingereza, mwaka 1767, akajikuta jirani na kiwanda cha pombe. Wahubiri wengine wangeandika barua ya malalamiko. Yeye akaomba aingie. Akaona juu ya mapipa ya pombe inayochacha kuna hewa nzito imetanda, ukiingiza mshumaa unazimika. Akachukua maji akayamimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine juu ya pipa, ndani ya hewa ile, tena na tena. Maji yakaanza kuwasha ulimi kama maji ya chemchemi zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya dawa. Mwaka 1772 akachapisha maelezo ya jinsi ya kuyatengeneza. Miaka kumi na moja baadaye, Johann Jacob Schweppe alikuwa anayafanyia biashara Geneva. Kila soda utakayokunywa mchana huu imeanzia juu ya pipa la pombe la jirani wa mhubiri. Wachungaji waliomo humu wasamehe, mimi nasimulia tu.

Na soda inatufundisha neno hili kuliko kamusi. Chupa ikiwa imefungwa, unaona viputo? Huoni. Imetulia kama maji ya mtungi. Gesi imo, imeyeyuka, imekandamizwa. Ukifungua kizibo, mgandamizo umepungua, kila kilichokuwa kimejificha kinataka kutoka kwa pamoja. Hakuna moto. Kuna kukandamizwa, halafu kuna kuachiwa.

Hata kuchemka kwa kawaida si suala la moto peke yake, na hapa Moshi nina mashahidi. Wapagazi mliopanda Kilimanjaro, niambieni: kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushei, maharage yanaiva? Maji yanachemka, yanaruka, yanafanya kila mbwembwe, maharage yamekaa kama kokoto. Kwa sababu kule juu hewa inayokandamiza maji ni nyepesi, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, si 100. Yanachemka mapema kwa kuwa hayana wa kuyashikilia.

Sasa nataka tuende mahali ambapo jambo hili halichekeshi.

Mpakani mwa Rwanda na Kongo kuna ziwa Kivu. Wasemaji wa Kiswahili wako kando yake, Goma, Bukavu, wanafua humo, wanavua sambaza humo, watoto wanaogelea. Ziwa lina kina cha karibu mita 480, na chini kule, maji yamebeba gesi iliyoyeyuka: kabonidioksaidi, ile ile ya soda, takriban kilomita za ujazo 300, na methani takriban 60, ukizipima kama zingekuwa hewani. Juu yake uzito wa maji yote yale ndio kizibo. Soda kubwa kuliko zote, imefungwa, imetulia, inameremeta jioni na mitumbwi juu yake.

Kameruni walijua maana ya kizibo kufunguka. Tarehe 21 Agosti 1986, usiku, ziwa Nyos, dogo tu ukililinganisha na Kivu, lilifoka. Maji ya chini yalipanda, gesi ikachomoka, ikamwagika bondeni kama maji maana ni nzito kuliko hewa, ikapita vijijini watu wamelala. Watu zaidi ya 1,700. Na mifugo yao. Nyumba zilibaki zimesimama, sufuria zikiwa mahali pake. Baadaye, mwaka 2001, waliteremsha bomba mpaka chini ya ziwa. Walipoyavuta maji ya kwanza, hayakuhitaji tena pampu: gesi iliyokuwa inachomoka ndani ya bomba iliyanyanyua yenyewe, yakaruka juu hewani kama mti mweupe. Kwa nguvu ile ile iliyoua. Na Rwanda, kituo cha KivuWatt kilichozinduliwa mwaka 2016 kinavuta maji ya chini ya Kivu kwa njia inayofanana na hiyo, kinaitoa methani, kinazalisha takriban megawati 25 za umeme. Kuna mtu Kibuye anachaji simu kwa povu.

Wafasiri, nisikilizeni hapa. Kabonidioksaidi hii hii, inapotoka ardhini kimyakimya karibu na Goma na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde, watu wa pale wana jina lake: mazuku. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mtoto anamfuata mbuzi. Wanasayansi wa volkano walipofika, hawakuwa na neno zuri kuliko hilo. Leo ukifungua makala zao za Kiingereza utakuta "mazuku" limeandikwa vivyo hivyo. Mimi likinifikia sikioni nasikia mzuka, kile kitu kinachokutokea usikokitazamia. Tumezoea kukopa. Hapa tumekopwa, na tulikopwa kwa sababu mtu wa Goma alitazama kitu chenyewe, siyo kinachofanana nacho. Hakuona viputo, kwa hiyo hakusema moto. Aliona kifo kisichoonekana akakipa jina lake.

Basi, nikiwaambia kwamba Waingereza hulitumia neno "effervescent" kusifia watu wachangamfu, mnaona umbali neno lilikosafiri?

Maana ndivyo wanavyolitumia zaidi siku hizi. Utalisoma juu ya mwigizaji, mtangazaji, bibi harusi, marehemu. Hasa marehemu wanawake, sijui kwa nini. Mwanamume mwenye tabia hiyo hiyo mara nyingi atapewa "ebullient". Na haya mawili si pacha. "Ebullient" mara nyingi ni hali ya leo: timu imeshinda, waziri ametoka kwenye kikao anacheka na kila mtu. "Effervescent" ni tabia aliyonayo mtu kila siku, akiingia chumbani chumba kinaamka. Lakini sifa hii ni nyepesi, angalieni. Ina soda ndani yake, na soda huisha gesi. Mimi nikiitwa hivyo nitafurahi kwenye harusi. Kwenye barua ya kuomba kazi ya uhasibu nitaomba waiondoe.

Na kuna "seethe". Hilo nalo zamani lilikuwa kupika tu, kutokosa, yaani kuchemsha. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inakataza "to seethe" mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na Biblia yetu ya Union ikasema kutokosa. Leo Mwingereza akikwambia bosi wake "is seething", usitafute sufuria. Amekasirika mdomo umefungwa. Povu lake limo ndani, kizibo hakijafunguka.

Sasa Kiswahili chetu. Nilikuwa na kijana ananisaidia kazi, mwepesi, mzuri, leo ni mfasiri anayeheshimika na simtaji. Ikaja tanzia ya mama mmoja aliyefariki ughaibuni, familia wanataka isomwe kijijini kwa Kiswahili. Kiingereza kilisifu "her effervescent personality". Kijana akakumbuka kisa cha mama yangu, akajua kuchemka kuna hatari, akakimbilia povu. Akaandika: "Marehemu alikuwa mtu wa kutoa povu popote alipokuwa."

Cheka, cheka. Mimi niliikuta saa nne usiku, inachapwa asubuhi. Fikiria mchungaji anasimama kaburini na kusoma kwamba marehemu alikuwa anatoa povu! Kwetu anayetoa povu ni mtu aliyeguswa pabaya akaanza kubwata. Na kuchemka je? "Amechemka" kwa vijana wa Dar ni ameshindwa, amevurunda. Timu imechemka, mwanafunzi kachemka mtihani. Kufoka ni kukaripia. Tazameni: maneno yetu ya viputo, yakimgusa mtu, karibu yote yanampeleka kwenye hasira au aibu. Ya Waingereza yanampeleka kwenye hasira na kwenye furaha pia. Maji ni yale yale.

Karibu yote, nimesema. Moja limebaki. Bubujika. Machozi humbubujika mtu, ya huzuni na ya furaha. Chemchemi hububujika. Maneno humbubujika mwenye mapenzi. Bubujika haliulizi moto uko wapi. Linasikiliza sauti: bu, bu, bu. Na "bubble" la Waingereza nalo wengi husema limezaliwa kwa kuigiza sauti hiyo hiyo. Si ndugu, hawajawahi kukutana, ila wote wawili walikaa kando ya maji wakasikiliza. Basi usiku ule nikaandika: "Alikuwa mchangamfu, furaha ikimbubujika popote alipokuwa." Nikalala.

Je, nimepata tafsiri ya "effervescent"? Sijapata. Nimepata ya mama yule. Ninyi mtaletewa nyingine. Émile Durkheim, yule mwanasosholojia Mfaransa, mwaka 1912 alilitumia neno hili, kwa Kifaransa chake, kuelezea kinachotokea watu waliotawanyika wakikusanyika: kila mmoja anakuja na lake, ngoma inalia, na ghafla kuna nguvu pale ambayo hakuja nayo mtu yeyote. Alikuwa anaandika juu ya matambiko ya wenyeji wa Australia, lakini sisi tumeshaliona kwenye maulidi, kwenye mkesha, na uwanja wa Mkapa siku Simba na Yanga zinakutana, pale mwanamume mzima anapomkumbatia asiyemjua. Utaliitaje kwa Kiswahili? Mwanafunzi mmoja aliniletea "uchemkaji wa pamoja". Nikamwambia hiyo ni supu. Wapo wanaosema msisimko wa pamoja, na hilo linatembea, ingawa ni la ngozi tu, halina kupanda. Mimi ningejaribu vuguvugu. Ndiyo, vuguvugu, lile la vuguvugu la ukombozi, vuguvugu la uchaguzi. Mnanitazama. Najua, Ufunuo inasema mwenye uvuguvugu atatapikwa. Neno lile lile: kanisani ni mtu aliyepoa, barabarani ni umma unaoanza kupata moto. Na Mrumi alisema nini? "Fervescere", kuanza kupata moto. Sijaamua. Mwenye hoja aje nayo wakati wa chai, tugombane vizuri.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Namalizia na ile karatasi ya dawa, maana naona mama pale mbele anasubiri kujua iliishaje.

Niliomba ichapwe upya. Waliokuwa wamenipa kazi hawakufurahi, nikarudisha sehemu ya malipo. Safari hii sikuanza na kamusi. Nilikaa na kidonge, glasi na kalamu, nikaandika ninachokiona. "Vidonge vya povu. Tumbukiza kidonge kimoja kwenye glasi ya maji. Subiri kiyeyuke na povu liishe. Kunywa." Kabla sijaituma nikampigia mama nikamsomea.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Glasi ya maji gani?"

"Ya kunywa, mama."

"Ya moto au ya baridi?"

Nikatazama karatasi ya Kiingereza. Haikusema. Aliyeiandika hakuona haja, neno lake la Kilatini halimtishi mtu kwao. Nikamwambia, "Ya baridi, mama."

"Basi andika baridi."

Nikaandika. Ahsanteni. Na hii glasi, kwa ruhusa ya mwenyekiti, naimaliza.